Shajara ya mradi: Hilux Vigo inagonga mguu wa mbele kulia, kutoka sauti mpaka chanzo

Gari ni Toyota Hilux Vigo ya 2008, KUN25, injini 2KD ya dizeli, gia za manyo (za kubadili kwa mkono), 4x4, usukani kulia. Niko Morogoro, kazi ya gari ni kubeba kabichi na mboga kutoka Mgeta kushuka mjini, na kupandisha mbolea. Naandika kila hatua ikiisha ili mwenye Vigo au Fortuner ya kizazi hicho aweze kufuata, hata Prado 120 miguu yake ya mbele imepangwa karibu hivyohivyo: mkono wa juu na mkono wa chini (vyuma vinavyoshikilia tairi kwenye chesisi), shokapu na springi viko pamoja katikati.

Jumamosi, 14 Juni 2025: sauti zenyewe

Naanza na sauti maana hapo ndipo hela za watu zinapoteketea. Ukienda kwa fundi ukamwambia tu "gari inagonga miguu" atakutajia kitu chochote kilichopo huko chini, na hatakuwa amekosea sana kwa sababu vyote vinaweza kugonga. Hii gari ilikuwa na sauti zaidi ya moja na zilikuwa zinachanganywa kama sauti moja.

Ya kwanza ni KAP moja nzito, unaisikia na unaihisi kabisa kwenye sakafu chini ya miguu ya dereva, inakuja ukishika breki kwa mwendo mdogo, halafu inakuja tena ukiingiza rivasi ukaachia klachi. Ya pili ni tak-tak-tak nyepesi kwenye rasta na barabara ya kokoto, mwendo wa 20 mpaka 30 hivi, ukiongeza mwendo inapotea au inamezwa na kelele za njia. Ya tatu inaingia kwenye usukani, dung, ukikata kona kwenye makorongo.

Historia kidogo. Mwaka jana bushi (vipande vya mpira na chuma pale mkono unapofungwa kwenye chesisi) za mkono wa chini upande wa kulia (huu mkono mafundi wengi wanauita loa ami) zilibadilishwa kwenye gereji moja. Mwezi wa tano mwaka huu sauti ilipozidi gari ikarudishwa palepale, wakaizungusha mtaani, wakasema shokapu zimekufa. Zikafungwa mpya mbele zote mbili, 380,000 za spea na 60,000 za ufundi. Sauti iko vilevile. Nikaulizia za zamani nikapewa, nimezisimamisha sakafuni nikazikandamiza kwa uzito wangu, zinashuka kwa ubishi na zinarudi zenyewe taratibu, hazina hata tone la mafuta. Zilikuwa nzima. Inaniuma kwa kweli, mtu anatafuta ridhiki na gari lake anaambiwa atoe laki nne na ushee na hakuna aliyeingia uvunguni hata dakika kumi.

Kwa hiyo utaratibu wa mradi huu ni mmoja: hainunuliwi spea mpaka kionekane chuma kinacheza mahali kisipotakiwa kucheza.

Na kitu kimoja kwa waliozoea Corolla, IST na wenzao. Kwenye hizo gari shokapu inazunguka pamoja na tairi ukikata usukani, ndiyo maana mauntini (kikalio) ya juu ya shokapu ikifa inagonga na kulia ukikata kona. Kwenye Vigo shokapu haizunguki na usukani, inayozunguka ni nako (chuma kinachobeba tairi) katikati ya bolijointi (kiungio cha duara) ya juu na ya chini. Ukiambiwa "hiyo ya kukata kona ni mauntini" kwenye gari hii, jua fundi anakusomea gari nyingine.

Jumapili, 15 Juni: kutafuta bila kufungua kitu

Leo nimefanya vipimo vya bure tu.

Kwanza propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli. KAP ya kuondoka na kusimama kwenye Toyota za 4x4 mara nyingi sana ni propela imekauka grisi pale inapoteleza kuingia na kutoka, watu wanafungua miguu yote ya mbele kumbe ilikuwa bomba la grisi tu. Nikapiga grisi sehemu zote zenye kichuchu cha kupitishia grisi. Hapa kuna angalizo, ile sehemu inayoteleza usiijaze mpaka ikavimba, pump chache unaona imeanza kusogea unaacha, maana ikijaa grisi propela inakosa nafasi ya kufupika. Gari ikawa laini kidogo kwenye kuondoka, ila KAP ya breki ipo. Basi propela imeondoka kwenye orodha.

Pili tairi hewani. Jeki nimeiweka chini ya mkono wa chini karibu kabisa na bolijointi, sio kwenye chesisi. Springi ya Vigo inakalia mkono wa chini kupitia shokapu, ukiweka jeki hapo uzito wa springi unabebwa na jeki, bolijointi inakuwa haina mzigo na kama ina uchezaji inaonyesha. Nikainua tairi kidogo tu kutoka ardhini, nikapitisha taili leva (chuma kirefu cha kufungulia tairi) chini ya tairi nikawa nanyanyua na kuachia huku dogo ninayefanya naye kazi kaweka kidole kwenye maungio ya bolijointi. Kulia kavu, haichezi. Kushoto kavu. Ya juu pia.

Halafu kushika tairi juu na chini na kutikisa. Kulia kulikuwa na uchezaji kidogo sana, na hapa watu wanabishana ni beringi au bolijointi. Mwambie mwenzio akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa: uchezaji ukipotea ni beringi ya habu (kitovu cha tairi), kwa sababu breki imefunga diski na nako vikawa kitu kimoja, ukibaki basi tafuta kwenye bolijointi au mikono. Kwangu ulibaki. Bolijointi nilishazipima, kwa hiyo hapo tayari mkono wenyewe nikaanza kuutilia mashaka, ila ndiyo hivyo, kila mtu aliyeiona gari anasema "bushi za huko ni mpya, zimefungwa juzi tu".

Tairi kushika kushoto na kulia na kutikisa: tairodi endi na raki endi (viungio vya usukani) hazichezi, ila raki nzima (chombo cha usukani kinachosukuma tairi) inasogea. Nimelala chini injini imezimwa, dogo anapeleka usukani kushoto kulia kidogokidogo bila tairi kukata, unaona kabisa mwili wa raki unateleza kwenye kibano chake kama milimita tatu nne hivi na dung inatoka hapo. Hiyo ndiyo sauti ya tatu, imepatikana bila hata kufungua nati.

Jumamosi, 21 Juni: linki za stabilaiza na bushi za raki

Bushi za raki zilikuwa zimeharibiwa na mafuta na zimetoboka ukingoni, nimeweka mpya, 35,000 seti. Kazi ya kawaida. Usukani umetulia, dung imeisha.

Linki za stabilaiza (vijiti vinavyoshika ile fito ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona) ndizo zinazohitaji maelezo maana watu wanazipima vibaya. Ukiinua tairi moja, ile stabilaiza inajipinda, inazivuta linki zikakaza, utatikisa kwa mkono mpaka uchoke utasema nzima. Ama uinue pande zote mbili kwa usawa, ama uache gari imesimama kwa tairi zake zote uingie chini. Mimi nimeziacha tairi chini, nikashika linki ya kulia katikati nikaisukuma mbele nyuma, kibolijointi chake cha chini kinapiga tik tik mkononi, kimpira chake kimechanika na ndani ni mchanga mtupu. Ya kushoto inakaribia huko.

Ila kabla ya kununua nikafanya kipimo ambacho nawashauri wote: nikafungua linki zote mbili nikazitoa, stabilaiza nikaifunga kwa kamba ya nyaya isiguse kitu, nikaendesha barabara ya vumbi nyuma ya nyumba mwendo wa pole. (Usifanye hivyo barabara kubwa, gari inalala sana kwenye kona bila linki.) Tak-tak ikapungua sana. Haikuisha. Kikabaki kitik kidogo, nikakiandika pembeni kwa baadaye. KAP ya breki ikabaki na nguvu zake zote.

Hicho kipimo kina faida mbili, kimenithibitishia linki ni mbovu na kimenionyesha kwamba hata nikinunua za bei gani KAP haitaondoka. Linki mpya mbili 90,000.

Jumamosi, 28 Juni: simu uvunguni

Hii ndiyo siku iliyonipa jibu na vifaa vyake ni simu na nyaya za plastiki za kubania.

Shida ya KAP ni kwamba inatokea gari ikiwa inatembea na breki imekanyagwa, sasa huwezi kulala uvunguni ukiwa unaendesha, na sauti kwenye chesisi inasafiri, inaweza kutoka kushoto ukaisikia kulia. Kutingisha gari kwa mikono hakuizalishi. Nikachukua simu ya zamani, nikaifunga kwenye chesisi kwa nyaya za plastiki ikiangalia pale mkono wa chini unapoingia kwenye mabano, bushi ya nyuma, nikawasha video na tochi yake. Nikaenda mbele mwendo wa mtu anayetembea, breki, rivasi, breki. Halafu nikahamishia simu bushi ya mbele, halafu upande wa kushoto, mizunguko ileile.

Kushoto mkono unatulia, unaona mpira unajikunja kidogo basi. Kulia bushi ya nyuma, breki inaposhika mkono mzima unaruka kurudi nyuma kama unene wa kidole kidogo, na KAP inasikika sekunde hiyohiyo chuma kinapofika mwisho. Nimeirudia ile video nikiwa nimeipunguza kasi, unaona mpira umeachana kabisa na chuma cha ndani, bomba la ndani linagonga bomba la nje. Dogo kasema "kaka, si walisema hizi mpya?" Ndiyo, ni mpya. Zimechanika ndani ya mwaka.

Nikathibitisha kwa taili leva kati ya mkono na mabano, unasukuma kwa nguvu ya mkono mmoja na unauona mwanga upande wa pili. Hii bushi ukiitazama tu ukiwa umechuchumaa nje inaonekana nzuri kwa sababu ufa uko upande wa juu na vumbi limeujaza.

Nimenunua leo seti ya bushi nne hapa mjini kwa 80,000. Bei ilinifurahisha, endelea kusoma.

Jumamosi, 5 Julai: kufungua, na bolti iliyogoma

Kabla ya kulegeza chochote: pima urefu kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa fenda juu yake, gari ikiwa imesimama sawa bila mzigo. Yangu sentimita 51 pande zote. Andika ukutani, utaihitaji. Pili, bolti za mkono wa chini kwenye Vigo ndizo za alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi), zina washa ya duara ambayo tundu lake haliko katikati, ukizungusha bolti mkono unasogea. Piga alama kwa patasi na rangi kwenye washa na mabano, mbele na nyuma, ili ukirudisha gari iweze walau kwenda kwenye alaimenti bila kula tairi.

Chesisi kwenye stendi, tairi nje, linki, bolti ya chini ya shokapu, bolijointi. Springi haina hatari kwa njia hii kwa sababu imebanwa kwenye shokapu yenyewe, ilimradi usiguse ile nati ya katikati juu ya mauntini. Hiyo ukiifungua springi ikiwa haijabanwa inaweza kukuua.

Hapa nikaona kitu ambacho ndicho sababu kubwa ya kuandika yote haya. Upande wa kushoto, bushi ni za kiwandani, mkono ulipoachiwa kila kitu ulibaki juu, karibu usawa wa gari iliyosimama, unausukuma chini kwa kiganja unarudi juu wenyewe. Upande wa kulia mkono umelala chini kabisa, ukiuinua unarudi chini. Maana yake ni hii: bushi ya aina hii haizunguki kwenye bolti. Bomba la ndani linabanwa na bolti linakuwa kitu kimoja na mabano, bomba la nje limebanwa kwenye mkono, na mpira umegandishwa kwenye yote mawili, kwa hiyo mkono ukipanda na kushuka ni mpira ndio unaojipinda. Pale ulipokuwa mkono wakati bolti inakazwa, hapo ndipo mpira unapopumzikia. Waliobadilisha mwaka jana walikaza bolti gari ikiwa kwenye jeki na mguu unaning'inia. Gari iliposhushwa chini mpira ukawa umeshapindwa tayari, umelala umepindwa usiku na mchana, ukiongeza mzigo wa kabichi na makorongo ya kule Mgeta unapindwa zaidi upande uleule. Haiwezi kumaliza mwaka. Bushi inaweza kuwa orijino kabisa na ikachanika vilevile.

Sasa bolti. Kushoto zote mbili zimetoka vizuri. Kulia ya mbele imetoka kwa nyundo na mafuta ya kulegeza kutu. Kulia ya nyuma imegandana na bomba la ndani la bushi, nati imetoka ila bolti inazunguka na bushi nzima. Niliyojaribu kwa mpangilio: mafuta ya kutu na kusubiri saa kadhaa, hamna. Kuzungusha mbele na nyuma kwa spana ndefu ili kutu ivunjike, mpira tu ndio ulizidi kuchanika. Nyundo kubwa kwenye kichwa cha uzi, nimeacha haraka uzi ulipoanza kuvimba kwa sababu ukivimba hata kwenye tundu la mabano hautapita. Gesi: fundi wa kuchomelea kaja na mtungi, kapasha bomba la ndani, mpira ukashika moto na moshi mzito, bolti haikutoka. Angalia sana ukifika hapo, paipu ya breki na mpira wa ekseli viko karibu, tulivifunika kwa gunia lililoloweshwa maji na dogo kasimama na ndoo.

Mwisho ni kukata. Grainda yenye diski nyembamba, unakata kati ya bushi na mabano, pande zote mbili, polepole. Huo mwanya ni mdogo na diski ikiteleza inakula mabano, na mabano yamechomelewa kwenye chesisi, ukiyaharibu umejitengenezea kazi nyingine kubwa. Tulipaka rangi nyeupe pembeni mwa mabano ili tuone diski ikikaribia. Mkono ukadondoka chini jua linazama.

Bolti mpya zenye washa zake, seti mbili za kulia, nimeagiza Dar kwa jamaa wa Gerezani, 120,000, zitakuja na basi nichukue stendi ya Msamvu.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba: presi

Maduka mengi yamefunga ila fundi wa presi ya haidroliki yupo.

Kabla ya kutoa bushi ya zamani pima imeingia kina gani kwenye mkono, na piga alama kwenye chuma ilivyoelekea. Ya mbele na ya nyuma hazifanani, zipange mezani zisichanganyike.

Bushi za zamani zilitoka kwa kelele, presi ilibidi ikaze kweli, ndivyo inavyotakiwa. Zile za 80,000, ya kwanza imeingia kwa kugongwa na kipande cha mbao. Nikamwambia fundi asimame hapohapo. Bushi ikiingia kirahisi hivyo itatembea kwenye mkono na utarudi kwenye KAP ileile. Nikaipima kwa venia (kipimo cha unene), bomba la nje lilikuwa jembamba kuliko la zamani, na ukitazama mpira ulivyogandishwa na chuma kuna sehemu kucha inaingia. Nimezirudisha zote dukani siku ya pili yake, mwenye duka kakubali kurudisha hela, namshukuru.

Nimepiga simu Dar, zikaongezwa kwenye kifurushi bushi nne orijino kwa 180,000. Tofauti ni laki moja, ambayo ni ndogo kuliko siku moja ya kupambana na ile bolti.

Jumamosi, 12 Julai: kurudishia na kukaza

Bushi mpya zimeingia kwa presi, zimebishana inavyotakiwa, presi yote 20,000. Kidokezo: sukuma kwenye bomba la nje tu, tafuta kipande cha bomba au soketi kubwa yenye kipenyo hicho. Ukisukuma katikati unaichana bushi kabla haijafika barabarani.

Bolti zote, za zamani na mpya, nimezipaka grisi sehemu inayopita ndani ya bomba la bushi, upande wa uzi nimeuacha mkavu. Hii kazi ya dakika mbili ndiyo itamwokoa atakayefungua baada yangu.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, isipokuwa bolti za mkono wa chini zinabanwa kwa mkono mpaka washa iguse tu, ikae kwenye alama ya rangi. Tairi zikafungwa, gari ikashushwa chini. Nikaisukuma mbele na nyuma mita kadhaa, nikaikandamiza boneti mara nyingi ili miguu ikae pake, nikapima habu mpaka fenda: 51 kulia, 51 kushoto. Hapo ndipo nikaingia chini na kukaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Vigo iko juu ya kutosha unaingia na spana bila shimo. Kama yako iko chini, weka jeki chini ya mkono inua mpaka kipimo chako cha habu na fenda kirudi, kisha kaza. Njia yoyote ni sawa, ilimradi mguu uko ulipo gari ikiwa imesimama.

Alaimenti mchana huohuo 40,000. Mwambie fundi wa alaimenti naye asikaze bolti hizo gari ikiwa imeinuliwa. Wa kwangu alikuwa anajua, kazi ilifanyika tairi zikiwa kwenye sahani zake na gari imesimama kwa uzito wake.

Jumapili, 13 Julai: Mgeta na mzigo, na kile kitik kilichobaki

Barabara ya Mlali kupandisha Mgeta inakwambia ukweli wote wa gari. Kupanda tupu, kushuka na kabichi. KAP hakuna. Breki za kuteremka kona kwa kona, kimya, na gari haivuti tena kulia ukishika breki, jambo ambalo nilidhani ni kalipa ya breki kumbe ni mkono uliokuwa unaruka nyuma na kulibadilisha tairi mwelekeo.

Kikabaki kitik-tik kwenye kokoto, kilekile nilichokiandika tarehe 21. Kipimo chake ni rahisi: ukiwa kwenye kokoto na kinasikika, gusa breki kwa wepesi kabisa, bila kupunguza mwendo. Kikazimika. Ukiachia, kinarudi. Basi kipo kwenye breki, na kwenye breki kinachoweza kucheza ni pedi zenyewe. Nimefungua tairi ya kulia, ile springi nyembamba inayozikandamiza pedi zisicheze kwenye pini zake haipo kabisa, mtu alipobadilisha pedi hakuirudisha. Ya kushoto ipo. Seti ya pini na springi 25,000. Ukibadilisha pedi omba uone vitu vyote vidogo vimerudi, hivyo vispringi watu wanaviacha juu ya boksi la spana na wanasema gari inasimama tu bila hivyo. Inasimama, ndiyo, halafu inakufanya ununue shokapu.

Jumamosi, 9 Agosti: ukaguzi

Gari imeshapiga kazi ya kutosha Mgeta, na imeenda Iringa kupitia Mikumi, matuta ya ndani ya hifadhi nimeyapita kwa kuyasikiliza moja moja. Kimya. Alama za rangi nilizopiga juu ya nati na washa hazijasogea. Tairi za mbele zinalika sawa ndani na nje. Bushi mpya nimeziangalia kwa tochi upande wa juu, ule ambao ufa ulijificha, hazina mstari wowote.

Gharama bila shokapu za mwanzo: linki 90,000, bushi za raki 35,000, bushi za mikono 180,000, bolti za alaimenti 120,000, presi 20,000, gesi 15,000, alaimenti 40,000, springi za pedi 25,000, grisi na mafuta ya kutu na diski za grainda 17,000. Jumla 542,000. Ufundi mwingine wote ni sisi wenyewe. Kama bushi za mwaka jana zingekazwa gari ikiwa chini, bolti isingehitaji kukatwa wala alaimenti kurudiwa, na ukiondoa hayo na bushi zenyewe gari hii ilikuwa inadai linki, bushi za raki na kispringi cha pedi tu.

Bado kuna mpira wa bolijointi ya juu kushoto umeanza nyufa, bolijointi yenyewe haichezi. Nitaitazama kila nikimwaga oili, na siku ikianza kucheza nitaongeza tarehe hapa.